Wasomaji Wauliza: Soko la Makontena, Mafundi wa Bishkek na Mwana Anayetaka Udaktari

Toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Kirgizia, nchi ya Asia ya Kati iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovyeti hadi 1991 na ikalazimika kujifunza biashara upya. Tulidhani wataisoma wachache. Barua zimemiminika, nyingi za Moshi na Arusha, na nyingi za watu wa sokoni. Kwa ambaye hakuisoma: ni nchi ya watu kama milioni 7, haina bahari, ukubwa wake ni kama moja ya tano ya Tanzania, na karibu yote ni milima. Kilele chake kirefu, Jengish Chokusu, kina mita 7,439. Wenzetu wa Moshi wasikasirike.

Nauza mitumba Kiborloni. Mliandika kuwa Bishkek kuna soko zima la makontena. Linaendeshwaje, na kwa nini na sisi tusifanye hivyo badala ya kungoja kujengewa vizimba?

Soko hilo ni Dordoi, pembezoni mwa mji mkuu, Bishkek, upande wa kaskazini. Lilianza 1992, viwanda vya serikali vikiwa vinafungwa na uchumi wa nchi ukiporomoka karibu nusu ndani ya miaka michache. Hakukuwa na fedha ya kujenga, lakini makontena yalikuwepo. Yamepangwa mistari, mawili mawili, moja juu ya jingine: la chini duka, la juu stoo. Mteja wa jumla akitaka pisi 200, mzigo unashushwa kwa ngazi papo hapo, hakuna kumwambia "ngoja nitume kijana ghalani".

Kontena la futi 20 kwa ndani lina urefu wa mita 5.9, upana 2.35 na kimo 2.39. Ukiweka rafu za sentimita 50 pande zote mbili, unabaki na njia ya mita 1.35, watu wawili wanapishana kwa kubanana. Uzito wa kontena la juu unabebwa na nguzo nne za pembeni peke yake, kwa hiyo lazima likae pembe juu ya pembe na lifungwe kwa vifungo vyake. Ukikata ukuta wa ubavuni kutengeneza mlango bila kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka tundu, bati linaanza kulegea na mlango unagoma kufunga. Kwa jua la Moshi la Januari na Februari, toboa matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande wa pili, kisha weka paa la pili lililoinuka kama sentimita 30 juu ya kontena. Usiku bati hutoa jasho. Nguo zikigusa ukuta au sakafu zitanuka uvundo ndani ya wiki. Weka chaga za mbao chini. Na acheni nafasi kati ya mistari, maana moto ukianza kwenye waya mmoja uliounganishwa kienyeji, makontena yaliyogusana hupitisha joto na nguo za ndani zinawaka.

Sasa tuseme jambo ambalo barua nyingi zimelipita. Si bati lililolikuza Dordoi. Kirgizia ilitoa sarafu yake, som, Mei 1993, ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 1998 kabla ya jamhuri nyingine zote zilizokuwa za Kisovyeti, na ushuru wake ukawa mdogo. Mzigo wa mchuuzi ulikadiriwa kwa uzito, kwa utaratibu mwepesi, badala ya kufunguliwa pisi kwa pisi. Bidhaa ziliingia kutoka China kwa njia za milimani za Torugart na Irkeshtam, zikatoka kwenda Kazakhstan, Urusi na Uzbekistani. Soko lilikuwa bomba la kupitishia mali. Mwaka 2010 Urusi, Kazakhstan na Belarusi zilipoanza umoja wa forodha wenye ushuru mmoja, Kirgizia ikabaki nje, bomba likabanwa, na wenye makontena wakaionja hasara. Kwa hiyo kabla ya kununua kontena jiulizeni: mteja wenu wa jumla anatoka wapi, na anavuka mpaka wa Holili kwa karatasi gani? Jambo la pili ni ardhi. Dordoi kontena linaweza kuwa la mtu mmoja na kiwanja cha mwingine. Mfanyabiashara analipa pango huku na ada ya soko kule. Msiweke kontena hata moja kwenye kiwanja cha halmashauri kwa ahadi ya mdomo.

Nina vyerehani vinne Sakina, Arusha. Mafundi wa Bishkek wanawezaje kuuza Urusi wakati mimi nashindwa hata kuuza ng'ambo ya Namanga?

Dada yetu, hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Karakana za Bishkek zilianza kama yako: vyumba vya chini vya majengo ya ghorofa, cherehani tatu nne, wanawake waliopoteza kazi kwenye viwanda vya serikali. Kitambaa kinatoka China, Uturuki na Korea, na hununuliwa kwa jora katika soko liitwalo Madina. Mambo matatu yaliwatofautisha na fundi wa mtaani.

La kwanza ni kugawana kazi. Hakuna anayeshona gauni zima. Yupo mchora vigezo, yupo mkataji, mmoja anaunga mabega tu, mwingine mikono, mwingine yuko kwenye overloki (mashine ya kufunga kingo), mwingine kwenye pasi. Kila mmoja analipwa kwa kipande. Kwa vyerehani vyako vinne, usimpe kila fundi nguo yake. Weka mashine mbili za mshono wa kawaida, overloki moja, na ya nne iwe ya kupinda chini ya nguo. Kazi ikirundikana mbele ya mmoja, hapo ndipo pa kuongeza mtu. Usiongeze kwa kuhisi.

La pili, wanauza kwa lineyka. Neno hilo la Kirusi pale sokoni lina maana ya mfululizo wa saizi: nguo moja, rangi moja, kwa mfano saizi 46, 48, 50 na 52, kila saizi pisi moja, zimefungwa pamoja. Mnunuzi wa jumla hachagui saizi. Anachukua lineyka tano au hamsini. Hii inamwokoa mshonaji asibaki na mlima wa saizi kubwa zisizo na mwenyewe. Lakini saizi moja ikiharibika, lineyka nzima imekufa hadi uishone upya, na hapo ndipo wengi wanapoteza faida yao.

Tuchukue mfano wa gauni linalokula mita 2 za kitambaa cha upana wa sentimita 150. Lineyka 75 za saizi nne ni magauni 300, yaani mita 600. Ongeza asilimia 4 kwa vipande vibovu na miisho ya majora: mita 624. Kabla ya kukata:

Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifue, kikaushe, kipige pasi, kipime. Kikirudi 48 kwa urefu, kitambaa kinarudi asilimia 4, na gauni la sentimita 100 litampungukia mteja kwa sentimita 4 siku akilifua. Rekebisha kigezo, si nguo.

Kitambaa cha kuvutika kifungue kutoka kwenye jora ukiache kilale siku nzima. Jora limekazwa kiwandani. Ukikata moja kwa moja, vipande vinajikunja na kuwa vifupi mezani, na tabaka la juu halitafanana na la chini.

Halafu andika namba ya jora kwa chaki kwenye kila tabaka. Majora mawili ya bluu ile ile yanaweza kuwa yametiwa rangi siku tofauti. Dukani huoni kitu, lakini mkono wa jora hili ukishonwa kwenye kifua cha jora lile, ukitoka juani tofauti inapiga kelele. Vipande vya gauni moja vitoke kwenye tabaka moja, vifungwe kitita kimoja, basi.

La tatu ni kodi. Katika miaka ya 2000 serikali yao iliruhusu washonaji kulipa patenti: kiasi kinachojulikana, kwa mwezi, kwa kichwa, badala ya kodi ya faida na ya ongezeko la thamani. Fundi alijua tarehe moja ya mwezi atatoa kiasi gani, kodi imeisha. Karakana zilizokuwa zimejificha zikajitokeza. Kwetu kodi ya makadirio ya TRA inafuata mauzo ya mwaka, na mwenye kumbukumbu hukadiriwa tofauti na asiye nazo, kwa hiyo daftari lako lina thamani ya fedha. Tusiwasifu mno wenzetu, maana patenti ilikuwa na ugonjwa wake. Kwa kuwa haikudai vitabu, karakana nyingi hazikuwa na hata ukurasa mmoja wa hesabu. Benki haikuwa na cha kusoma, na mnunuzi mkubwa aliyetaka ankara hakupewa. Wengine waligawa karakana moja kwa majina matatu ili wasivuke mpaka wa patenti. Ukiona biashara inaogopa kukua, angalia kodi kwanza.

Kuhusu Namanga: shehena isiyozidi dola 2,000 ya bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasilia hapo hapo mpakani. Kasoro ya nguo zako ni kitambaa cha nje. Uliza forodha kabla ya kushona, na weka risiti za kitambaa, uzi na malipo ya mafundi, uonyeshe kazi iliyofanyika Sakina.

Kwenye belo nililofungua soko la Kilombero, Arusha, kulikuwa na jaketi lenye maandishi ya Kirusi na alama ya EAC. Ina maana limetengenezwa Afrika Mashariki?

Hapana, ingawa tumecheka. EAC ile ni alama ya ukidhi wa viwango vya Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, ambao Kirgizia ilijiunga nao Agosti 2015. Herufi zimegongana tu na za Jumuiya yenye makao makuu hapa Arusha. Alama hiyo ndiyo iliyowatoa jasho mafundi tuliowazungumzia. Kabla ya 2015 nguo iliondoka Bishkek bila lebo au na lebo ya kubuni ya Kituruki. Baadaye ikabidi iandikwe mtengenezaji, nchi, saizi, mchanganyiko wa nyuzi na namna ya kufua, na iwe na tamko la ukidhi linalotokana na kipimo cha maabara. Nguo za watoto zina masharti makali zaidi. Soko lilifunguka bila ushuru wa mpakani, lakini ushuru wa bidhaa nyingi za China ukapanda ili ulingane na wa umoja. Wengi waliotimiza masharti hayo sasa wanauza moja kwa moja kwenye soko la mtandaoni la Urusi, Wildberries.

Mimi ni mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa, Kibosho. Hayo mashamba yao ya pamoja, kolkhozi, yaliishia wapi? Yanafanana na ushirika wetu?

Shikamoo mzee. Yanafanana kwa jina tu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilisajiliwa 1933 na wakulima wenye vihamba vyao. Walichounganisha ni kuuza kahawa. Kwenye kolkhozi ardhi ilikuwa ya dola, trekta na kondoo vya shamba, na mkulima alikuwa kama mwajiriwa. Kwa hiyo serikali yetu ilipovunja vyama vikuu 1976, kihamba kilibaki. Kolkhozi ilipovunjwa, kila kitu kililazimika kugawanywa.

Ardhi ya kulima waligawiana kwa hisa, robo ikabaki mikononi mwa serikali kama akiba. Kura ya maoni ya Oktoba 1998 iliruhusu umiliki binafsi, lakini kuuza kukazuiwa hadi 2001 ili watu wasiuze kwa njaa. Hilo tunaliona lilikuwa busara. Mifugo haikuwekewa kizuizi cha namna hiyo. Kondoo walikuwa karibu milioni 10 mwaka 1990. Haikupita miaka mingi wakawa chini ya nusu. Walikuwa kondoo wa sufu, na mnunuzi wa sufu alikuwa viwanda vya Kisovyeti ambavyo havikuwepo tena. Familia iliyopewa kondoo kumi bila nyasi za kipupwe wala dawa iliwachinja, au ikawabadilisha kwa unga.

Malisho ndiyo yenye somo kwa majirani zenu wa Longido na Monduli. Hayakugawiwa mtu, yalibaki ya dola. Ila usimamizi ulikatwa mara tatu: ya karibu na kijiji chini ya kijiji, ya kati chini ya wilaya, ya mbali milimani chini ya mkoa. Mfugaji anayehama na mifugo kwa msimu alihitaji ofisi tatu kwa safari moja. Sheria ya malisho ya 2009 iliyaweka yote chini ya serikali ya kijiji na kamati ya watumiaji. Mfugaji hakodi tena eneo; ananunua tiketi kwa kichwa cha mnyama, ng'ombe na farasi bei ya juu kuliko kondoo, na fedha inatengeneza madaraja na njia za kupandia. Panapoharibika ni kwenye kuhesabu. Mwenye mifugo 400 anatangaza 150, na aliyeko kwenye kamati ni shemeji yake. Tena, kupanda milimani kunahitaji gari na mafuta, kwa hiyo mwenye ng'ombe wawili hahami. Majani ya karibu na kijiji yanaliwa hadi udongo, ya juu yanazeeka bila kuguswa.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita hapa Njiro. Wakala anasema udaktari Kirgizia ni rahisi kwa bei na unafundishwa kwa Kiingereza. Nimpeleke?

Kwanza elewa mfumo wao. Zamani kila chuo kilitunga mtihani wake wa kuingia, na rushwa ilikuwa humo. Mwaka 2002 walianzisha mtihani mmoja wa taifa unaosimamiwa nje ya vyuo. Uzuri wake uko kwenye ugawaji wa nafasi zinazolipiwa na serikali: wanafunzi hupangwa kwa makundi, wa Bishkek peke yao, wa miji midogo peke yao, wa vijijini na wa milima ya juu peke yao. Mtoto wa kijijini anashindana na mwenzake wa kijijini. Waliobaki, ambao ndio wengi, wanasoma kwa mkataba wa kulipa, na vyuo vimeishi kwa ada hizo. Ndiyo maana wageni wanakaribishwa sana: binti yako hatapita kwenye mtihani ule, ataingia kwa vyeti na ada. Maelfu ya Wahindi na Wapakistani wako huko kwa mlango huo huo.

Masomo kwa Kiingereza ni kweli. Wagonjwa hawajui Kiingereza. Kuanzia mwaka anapoingia wodini, asiyejua Kirusi au Kikirgizi anasimama nyuma ya daktari anatazama. Muulize wakala ni saa ngapi za Kirusi kwa wiki katika mwaka wa kwanza na wa pili; akikwepa, umeshapata jibu. Pili, kabla hujalipa hata senti, nenda Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na jina kamili la chuo na la programu uulize kama shahada yake inatambuliwa hapa, kisha uliza Baraza la Madaktari Tanganyika mhitimu wa nje anatakiwa kufanya nini ili aanze mafunzo kwa vitendo. Uliza wewe mwenyewe, usitume wakala. Tatu, ada ya mwaka isomwe pamoja na bweni, bima, kibali cha kukaa na nguo za baridi, kwa kuwa kipupwe kinashuka chini ya sifuri kwa miezi. Na tusifiche: Mei 2024 makundi ya watu yalivamia mabweni ya wanafunzi wa kigeni Bishkek. Uliza bweni liko wapi na nani analilinda.

Kama udaktari si lazima, iko njia nyingine: Chuo Kikuu cha Asia ya Kati, kilichoanzishwa 2000 kwa mkataba kati ya Aga Khan na marais wa Kirgizia, Tajikistani na Kazakhstan. Kampasi ya Naryn ilifunguliwa 2016, ya Khorog huko Tajikistani 2017. Ni kidogo, lugha ni Kiingereza, hakifundishi udaktari, na kiliwekwa milimani kwa makusudi, mbali na miji mikuu.

Naweza kuwauzia kahawa ya Moshi? Nipo Majengo.

Wanakunywa chai. Mikahawa ya kahawa ipo Bishkek na inaongezeka, ila mbichi kwa kontena usifikirie: nchi haina bandari, mzigo unapita nchi mbili tatu kwa reli au lori, na utahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa. Iliyokaangwa, kwa pakiti za gramu 250, inabeba lebo ya Kirusi na ile ile EAC ya jaketi la Kilombero. Anza na kilo 20 kwa mnunuzi mmoja aliyelipa kabla, na usikaange hadi fedha iingie. Safari ikichukua wiki saba, harufu itakuwa imeishia njiani.